Hawa Wanne Hawatoki Leo

Kifuniko cha birika kinagongagonga jikoni, na nje bado giza. Mzee wa nyumba ndiye aliyeamka kwanza, ingawa mguu wake wa kushoto haumpi raha asubuhi. Anachemsha maji ya chai, kisha anatenga mengine kwenye ndoo ndogo, ili mkewe akitoka bandani asinawe kwa maji baridi. Hakuna aliyemwomba. Hufanya hivyo kila siku.

Mkewe anavaa mabuti, anachukua tochi na kutoka. Mlangoni mwa banda la nguruwe anakanyaga kwanza beseni lenye maji ya dawa ya kuua vijidudu. Majirani walilicheka beseni hilo mpaka wakamtungia mwenyewe jina: Mama Karantini. Yeye akatafuta kopo la rangi, akaliandika jina hilo getini kwa herufi kubwa.

"Walitaka kunikejeli," anasema. "Nikaona basi, mgeni alisome kabla hajaingia, ajue anakuja kwa nani."

Asubuhi hii anamulika kwanza kibanda cha pembeni, anakowatenga wagonjwa. Kitupu. Bati moja limeng'olewa na upepo wa usiku, na sakafu imejaa maji. Anageuza tochi kwenye banda kubwa. Nguruwe wanne wa tumbo moja, weupe wote, wamelaliana kama mito kitandani. Watatu wana michirizi ya bluu mgongoni. Wa nne hana kitu, ila ameloa kuliko wenzake.

Anapitisha tochi mgongo mmoja baada ya mwingine.

Bluu hiyo ni alama yake. Nguruwe akichomwa sindano ya antibiotiki, anapakwa rangi mgongoni na kutengwa. Hata akipona, haendi buchani mpaka zipite wiki mbili tangu sindano ya mwisho, muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa. Aliyechomwa safari hii ni mmoja tu, aliyekuwa anakohoa na kususa chakula. Alimaliza dozi yake jana.

Mumewe anakuja akichechemea. Haulizwi, anasema mwenyewe. Bati liling'oka wakati wa mvua, akamkuta mgonjwa anatetemeka kwenye maji, akamhurumia, akamrudisha kwa ndugu zake apate joto. Rangi hakuikumbuka kabisa.

Wamesuguana usiku kucha, wameloa, wamegawana ile bluu. Mwenye nayo huenda hakuchomwa, na aliyechomwa huenda mvua imemwosha.

Mama Karantini anamtazama mumewe, kisha anamfunga vizuri skafu shingoni.

"Kumhurumia ulifanya vyema," anamwambia. "Ila sasa tuna karantini ya wanne."

Wote wawili wanajua maana yake. Asubuhi hii mwenye bucha anakuja kuchukua watatu waliokuwa wazima, kwa oda ya hoteli. Huyu ndiye mteja wao mkubwa. Kati ya kila nguruwe watatu wanaotoka katika banda hili, wawili huondoka na pikapu yake. Tena si mtu baki. Ni mdogo wake Mzee, na akichukia leo, wanapoteza soko na udugu kwa mpigo mmoja.

Kumekucha vizuri pikapu inapopiga honi. Mwenye bucha anaruka beseni la dawa, kama kawaida yake. Shemeji yake anamnyooshea kidole tu. Anarudi nyuma, anachovya viatu, huku akinung'unika kwamba hata hospitali haingiwi kwa masharti hivi.

Anapoelezwa, kwanza anacheka. Kisha anaona hakuna anayecheka naye.

"Shemeji, hawa wamezaliwa mikononi mwako. Utashindwa kumjua mmoja?"

"Nadhani ni yule wa ukutani," Mama Karantini anajibu. "Lakini kudhani hakuliwi. Hawatoki."

"Basi nipe watatu wengine."

"Na kama siye?"

Mwenye bucha anazunguka banda, anawatazama kwa jicho la kazi. Hakuna anayekohoa. Wanakula kwa fujo, wanasukumana kwenye hori. Anataka kujua ugonjwa uko wapi hapo. Shemeji yake anamweleza kwa upole kwamba ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni dawa, na dawa ingali ndani ya nyama. Atakayekaa mezani hotelini hakuandikiwa sindano na daktari yeyote.

"Hataijua."

"Mimi ninaijua."

Hapo sauti zinapanda. Mwenye bucha anasema jirani wa pili ana nguruwe wanene kuliko hawa, na haulizi maswali. Kule wanachanganyiwa unga wa dawa kwenye chakula tangu wakiwa vitoto, wazima kwa wagonjwa, na pikapu inapakiwa muda wowote. Akienda huko leo, asitazamiwe tena hapa.

Ule unga hata Mama Karantini aliutumia zamani, kama wafugaji wote wa mtaa huu. Uliitwa unga wa kunenepesha. Nguruwe mmoja akikohoa, banda zima lilichomwa sindano, na dawa iliyobaki ikapelekwa kwa jirani kama chumvi.

Kilichombadilisha ni mguu wa mumewe. Alichomwa na waya akitengeneza hori, kidonda kidogo tu. Kikavimba. Akapewa dawa, ikawa kama maji. Akabadilishiwa, ikawa vilevile. Ni dawa ya tatu, baada ya majuma mengi wodini, iliyousimamisha ugonjwa, na nyama ya mguu ilikuwa imeshaliwa. Daktari wa wodi alimwambia kwamba vijidudu vile vimezizoea dawa. Vilitoka wapi, hakuna aliyeweza kusema. Ila daktari aliuliza wanafanya kazi gani nyumbani, na wanawapa wanyama nini.

Wiki ileile Mama Karantini alibeba mfuko wa unga kichwani mpaka duka la dawa za mifugo. Muuzaji akasema mali ikishauzwa hairudishwi. Mama akauweka juu ya kaunta, mbele ya wateja, akaondoka bila kudai chochote. Tangu siku hiyo hakuna sindano bandani kwake kabla daktari wa mifugo hajamwona mnyama. Badala yake kuna chanjo, chokaa sakafuni, majani makavu ya kulalia, na beseni la mlangoni. Nguruwe wake wakachelewa kunenepa mwanzoni, na mtaa ukacheka. Kwenye kikao cha wafugaji mwenyekiti alimwambia akae chini. Alimaliza kusema amesimama.

Sasa anamtazama shemeji yake machoni.

"Nani alimbeba kaka yako mgongoni, siku gari lilipokosekana?"

Mwenye bucha anageuzageuza funguo za pikapu.

"Ulimbeba wewe, mpaka hospitali, jasho linakutoka. Leo usinibebeshe mimi ugonjwa kama ule nikampe mtoto wa mtu. Nenda kwa jirani. Muulize tu amewachoma lini."

Mzee ametoka ndani kwa mkongojo. Anakwenda kusimama kando ya mkewe, mbele ya mlango wa banda, na mguu wake anaujua kila aliyepo.

Mwenye bucha anawasha pikapu. Kabla ya kuondoka anashuka tena, anarudisha geti ambalo upepo umelifungua, analifunga kwa komeo. Kisha anakwenda zake, bodi tupu ya pikapu ikirukaruka nyuma yake.

Mchana daktari wa mifugo anafika na pikipiki. Ni binti mdogo kwa umri, na viatu vyake huvichovya bila kukumbushwa. Anawasikiliza nguruwe mapafu, mmoja mmoja, anawapima joto. Wote wazima. Anakiri kwamba hata yeye hawezi kusema aliyechomwa ni yupi.

"Mama, hesabu wanne wote wana dawa," anasema. "Pole. Najua ni hasara."

"Usinipe pole, mwanangu. Niletee hereni."

Anamaanisha vibati vya namba vya kubana masikioni. Huo ndio mpango wake sasa: kila nguruwe avae hereni yake tangu akiwa kitoto, namba isiyooshwa na mvua wala kufutwa kwa kusuguana. Akishaweza, atajenga kibanda cha wagonjwa kwa tofali, chenye paa la maana. Kabla ya jioni wafugaji wawili waliomcheka kikaoni wameshasikia, wanamuuliza bei ya hereni, kwa sauti ya chini, njiani.

Jua linaelekea kuzama honi ya pikapu inaposikika tena. Mwenye bucha haingii. Anashusha mabati mawili ya zamani, anayaegemeza getini, chini ya lile jina.

"Ya kibanda chako," anasema. "Yalikuwa yanashika kutu tu."

Mama Karantini anayapapasa. Anamuuliza kama alifika kwa jirani.

"Nilifika. Nikamuuliza kama ulivyosema. Akanicheka." Anatazama pembeni. "Nikachukua wawili. Nilikuwa na oda, shemeji. Wa tatu mkono ulikataa."

"Hao wawili ni wako. Mimi siwezi kukubebea."

Kutoka ndani, kifuniko cha birika kinaanza kugonga tena.

"Sikusema nitarudi kununua," mwenye bucha anasema.

"Na mimi sikusema nitauza kabla ya siku zake." Mama Karantini ananyanyua bati la kwanza, kisha anageuka. "Lakini njoo, shemeji. Nguruwe usiponunua, njoo umwone kaka yako, anakuulizia. Njoo hata kesho. Viatu utachovya."