Kifua cha Bibi Sufi

Bibi Sufi hakutaka kusikia habari ya dirisha wazi. Alikuwa fundi wa mito ya kulalia, na kiwanda chake kilikuwa sebule yake mwenyewe: magunia ya sufi ukutani, cherehani kando ya mlango, na fimbo ya kuipigia sufi mpaka ichambuke. Sufi nayo ni nyepesi, jamani! Ukiachia upenyo kidogo tu, nusu gunia liko kwa jirani. Basi alifunga kila kitu, akaziba hata chini ya mlango, akapiga fimbo mpaka chumba kikawa cheupe. Ukimwambia afungue apate hewa, anakujibu papo hapo: "Hiyo hewa itaninunulia mto?" Alikuwa na mdomo, yule mama!

Mumewe alishafariki. Mwenzake alikuwa mjukuu, mtoto wa kike wa darasa la kwanza, aliyeletwa kila shule zikifungwa. Bibi alimwita mke mwenza. Walikula pamoja, wakanuniana, wakapatana kabla chai haijapoa. Likizo moja mtoto akabanwa, kifua kikawa kinalia filimbi. Alipopelekwa zahanati, nesi akauliza anashinda wapi. Mama yake, binti pekee wa Bibi Sufi, akaja amefura.

"Mama, mtoto haji tena hapa mpaka hili vumbi litoke."

"Vumbi? Hili ndilo lililokusomesha!"

"Najua, mama. Lakini haji."

Na kweli hakuja. Likizo zikaja, zikapita. Bibi alijikaza mbele za watu, lakini usimwone vile, upweke ulimtafuna. Alipika kidogo, akala amesimama. Mara nyingine alitupa utani kuelekea chumbani, akakumbuka hakuna wa kumjibu.

Mwishowe alisalimu amri. Akauza sufi yote na cherehani juu yake, akafungua madirisha, akasugua kuta kwa maji ya sabuni. Kazi ya siku moja ilimchukua wiki nzima, maana kila akipanda kwenye stuli pumzi ilikata, akashuka kukaa aisubiri. Uzee huu, alijiambia. Kisha akampigia binti yake simu: "Haya mkaguzi, njoo ukague."

Binti akaja na mtoto. Akapitisha kidole juu ya kabati, kidole kikatoka safi. Mtoto alishamrukia bibi yake.

"Mke mwenza, mbona umekuwa mzito hivi?" Bibi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Walipompa maji na nyumba ikatulia, binti akasikia filimbi ileile. Safari hii haikutoka kwa mtoto.

"Mama, tangu lini?"

"Aa, zamani. Na kelele za ile fimbo, nani angesikia?"

Hospitalini, daktari hakuzungusha maneno. Mapafu yalishachakaa kwa vumbi la miaka mingi. Dawa zingempunguzia kubanwa, lakini pumzi iliyopotea haingerudi. Waliporudi nyumbani, binti akaanza kuzirudisha nguo za mtoto kwenye begi, moja moja.

"Nyumba ni safi," Bibi Sufi akasema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona, mama. Lakini ukibanwa usiku, huyu mtoto atafanya nini? Na kwangu unakujua, chumba kimoja, watu watano…" Machozi yakamkatisha.

Bibi alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Hata yeye asingemwachia mtoto mtu wa hali yake, na kulijua hilo ndiko kulikomuuma zaidi.

Akawasindikiza. Kabla ya kufika barabarani pumzi ikamwishia, akashika ukuta wa watu.

"Tangulieni, nakuja."

Binti hakugeuka, asionekane analia. Mtoto ndiye aliyegeuka.

"Bibi, mbona huji?"

"Nakuja, mjukuu wangu. Nakuja." Akabaki ameushika ule ukuta mpaka walipokata kona.