Kamera Tatu za Mama Rangi

Jina la Mama Rangi lilianza kama dhihaka. Siku aliyotokea kwa mara ya kwanza kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, kitambaa kichwani na brashi mkononi, mafundi wa lipu walimwangalia wakaulizana kama amekuja kupaka kuta au kucha. Alipanda ngazi, akapaka dari ya sebule bila tone kudondoka sakafuni, akashuka, akaosha brashi yake. Baadaye mafundi wale wale ndio waliokuwa wakimletea wateja, na lile jina la kumcheka likawa jina la kumtafutia. Yeye mwenyewe aliliandika ubavuni mwa ngazi yake kwa herufi kubwa nyekundu.

Kabla ya hapo alikuwa kiwandani, akipanga sabuni kwenye maboksi. Kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani akizitazama kuta za jikoni kwake, mpaka zikamchosha, akazipaka. Jirani akaja kuomba chumvi. Alipoliona jiko, chumvi ikamtoka kichwani, akaomba apakiwe na la kwake. Kazi ikaanzia hapo.

Sasa, Mama Rangi alikuwa na siri ndogo ambayo kwa mtu wa kazi yake ni kichekesho: alipenda kuta kuukuu kuliko mpya. Akihamisha kabati lililokaa mahali pamoja tangu wenye nyumba wakiwa vijana, alikuta nyuma yake mstatili wa rangi ya zamani, safi kama imepakwa jana. Alikuta mikwaruzo ya baiskeli ya mtoto korido nzima. Alikuta pinki, chini ya pinki bluu, na chini ya bluu kijani fulani ambacho katika nyumba hiyo hakuna aliyekikumbuka. Alivitazama, akavifurahia, halafu yeye huyo huyo akachukua msasa na kuvifuta. Kila mara moyo ulimuuma kidogo.

"Si uvipige picha?" mumewe alimwambia.

Alijaribu. Simu yake ya kwanza ilizama kwenye ndoo ya rangi nyeupe. Ya pili ikazama kwenye ya kijani.

"Ya tatu inunulie na boya kabisa," alisema mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva na mtu wa maneno yake.

Basi ikatokea kwamba Mama Rangi aliitwa kupaka kibanda cha Fundi Miwani. Huyu alikuwa mtengenezaji wa saa, redio na kila kitu chenye skrubu ndogo, na kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na muda mwingi alikuwa akitafuta ya tatu. Mama Rangi alipokuwa akishusha vitu kwenye rafu ili apake nyuma yake, mkono wake ulikuta kamera tatu ndogo, za zamani, za kutumia filamu.

"Hizi zinafanya kazi?"

"Zinafanya kazi kuliko mimi," alijibu Fundi Miwani. "Filamu ninazo, na kusafisha picha nasafisha mwenyewe hapo nyuma. Unaitaka?"

"Nataka ya kutembea nayo kila siku. Ikae mfukoni mwa ovaroli, nipande nayo ngazi, nishuke nayo."

"Basi usichagulie hapa mezani, mama. Hapa mezani zote ni nzuri. Chukua moja, fanya nayo kazi, irudishe, chukua nyingine. Ukishapata yako, utanipakia na mlango."

Mama Rangi hakusita. Alichukua ya fedha.

Ilikuwa chuma kitupu, inang'aa, na kioo chake kilikuwa na rangi ya zambarau kwa mbali kama njiwa anavyong'aa shingoni. Kupiga nayo kulitaka akili: uzungushe pete ya mbele ukikadiria umbali wa unachokipiga. Kwake hilo halikuwa tatizo, maana kukadiria kuta kwa jicho ndiyo kazi iliyomlisha. Jioni aliiweka mezani. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amekuja kula kama kawaida yake. Kwa jinsi alivyokuwa hapitwi na jambo bila kulitolea uamuzi, nyumba nzima ilimwita Bi Hukumu. Aliishika ile kamera kwa vidole viwili, akaigeuza, akaiweka kifuani pake.

"Hii," alisema, "ndiyo kamera ya mtu mwenye heshima zake. Maliza maneno, wifi. Hii."

Mama Rangi naye alikuwa ameshaipenda. Alilala akiiwaza.

Kesho yake alikwenda nayo kazini, nyumbani kwa mama mmoja mpole aliyekuwa akipakisha korido. Ile kamera ilikuwa nzito kama kufuli la ghala. Ovaroli ilimwelemea upande mmoja, na kila alipopanda ngazi, mfuko uligonga chuma cha ngazi: ngo, ngo, ngo.

"Karibu!" mama mwenye nyumba aliita kutoka jikoni, akaja mbio kufungua mlango. Hakuna mtu. Akarudi. Mama Rangi akapanda tena. Ngo, ngo.

"Jamani karibu, mlango uko wazi!"

Safari hii alikuja na kitambaa cha kufutia mikono, akachungulia nje, kushoto na kulia. Mama Rangi alijua kosa ni lake, lakini alikuwa na brashi mdomoni na kicheko tumboni, na vyote viwili haviruhusu mtu kuungama. Alipokuja kuitoa brashi mdomoni na kukimeza kicheko, yule mama alikuwa ameshatoka mara ya tatu na ufagio, akiamini ni watoto wa jirani.

Aliirudisha kwa huzuni ya kweli, akaichukua ya pili.

Ya pili ilikuwa ya plastiki, nyepesi, na yenyewe ilijifanyia kila kitu. Ilipima umbali yenyewe, ikavuta filamu yenyewe kwa mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na ikiona giza kidogo tu inawasha flashi bila kumuuliza mtu. Hii ndiyo aliyoipenda mumewe.

"Hii gari ya otomatiki, mke wangu. Mguu mmoja tu. Wanafunzi wangu wangenibusu."

"Mimi sijamaliza kuangalia, yenyewe imeshapiga," alilalamika Mama Rangi.

Jioni hiyo Bi Hukumu alisinzia kwenye kiti baada ya kula, mikono juu ya tumbo, kinywa wazi, katulia kama mtoto. Mama Rangi alimwona mzuri kupita kiasi. Alinyata, akaielekeza kamera, akabonyeza. Flashi ikalipuka.

"Mvua!" alipiga kelele Bi Hukumu, akaruka wima. "Radi hiyo! Toeni nguo kwenye kamba!"

Mume wa Mama Rangi, badala ya kueleza, alitoka nje kweli, akazianua nguo zote chini ya nyota, akaziingiza. Alipofika chumbani akajitupa kitandani, akacheka na mto mdomoni. Lakini picha zilipotoka, kila ukuta uliopakwa upya ulikuwa na mwanga mweupe katikati kama mwezi, na rangi yenyewe haikuonekana. Bi Hukumu peke yake ndiye aliyetoka vizuri, na picha yake haikuonyeshwa mtu.

Ikabaki ya tatu. Ilikuwa nyeusi, imekwaruzika, ndogo kiasi cha kupotea kiganjani, na ilikuwa na kifuniko cha kuteleza mbele. Ukikisukuma kwa kidole gumba, kioo kinatokea. Umbali ulichaguliwa kwa vialama vidogo: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, mlima. Kidude cha kuhesabu picha kilikuwa kimekwama, kwa hiyo hujui umebakiwa na ngapi. Bi Hukumu aliitazama kwa mbali.

"Hiyo ni rimoti ya televisheni," alisema, akaendelea kula.

Hata Mama Rangi hakuitaka. Aliitia mfukoni ili tu asimvunje moyo Fundi Miwani, na akilini mwake alikuwa ameanza kupiga mahesabu ya kushona mfuko wa turubai wa kubebea ile ya fedha isigonge.

Juma hilo alikuwa na kazi kwa wazee wawili, mke na mume. Mzee aliwahi kuwa refa wa mpira, na mtaa mzima bado ulimwita Refa. Kichwa chake kilikuwa upara mtupu, laini, kinang'aa dirishani. Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haraka. Sebule yao ilikuwa haijapakwa miaka na miaka. Mama Rangi na yule mama walishika kochi huku na huku, wakalivuta mbali na ukuta, na pale palipokuwa na kochi, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, likaonekana doa kubwa la mafuta. Lilikuwa la mviringo, la kahawia, limezama ndani ya rangi.

"Aibu gani hii!" alisema yule mama. "Mwanangu, anza na hapo hapo. Lisionekane tena."

Refa alikuja na fimbo yake kuangalia. Alilitazama lile doa kwa muda, kisha uso ukamfunguka.

"Ngoja kwanza. Hizo ni nywele zangu!"

"Nywele zako zipi, baba?"

"Nywele zangu! Zile za zamani. Nilikuwa nazipaka mafuta asubuhi na jioni, umesahau? Nikikaa hapa kusikiliza mpira redioni, nikiegemea hivi." Akamgeukia Mama Rangi. "Mwanangu, wajukuu zangu hawaamini kuwa niliwahi kuwa na nywele. Ushahidi ni huo hapo ukutani!"

"Nywele zako zimeniharibia ukuta na mito mingapi!" alisema mkewe, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kumcheza.

Refa hakungoja. Alivuta kigoda, akakaa chini ya lile doa, akanyoosha mgongo. Doa likamkaa juu ya upara wake kama nywele zenyewe zimerudi nyumbani. Mkewe alimtazama. Alijaribu kuukaza uso, ukakataa, akaweka mkono ukutani ajishikilie, akacheka mpaka machozi, na Refa pale chini alikuwa amekaa na uso wa mtu anayetoa kadi nyekundu.

Mama Rangi alikuwa na rola yenye rangi mbichi mkono wa kulia. Hakuiweka chini. Mkono wa kushoto uliingia mfukoni, kidole gumba kikasukuma kifuniko, kikagusa alama ya watu wawili, na kamera ikatoa kamlio kadogo, ti, ambako hakuna aliyekasikia. Akaivuta filamu, akapiga tena. Mama wa watu alikuwa bado anacheka.

Ilikuwa imekwisha kabla Mama Rangi hajajua amefanya nini. Alisimama pale, rangi ya rola ikimdondokea kiatuni, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu siku ya ile dari.

Filamu ilipoisha alimpelekea Fundi Miwani, akakaa kwenye kigoda nje ya chumba cha nyuma akisubiri kama anayesubiri mtoto kuzaliwa. Nyingine zilitoka ovyo. Moja ilikuwa kidole chake mwenyewe, kikubwa, cha waridi. Lakini ile ya Refa ilitoka. Mwanga wa dirisha ulikuwa umewaangukia kwa ubavu, doa limeonekana, upara umeonekana, na yule mama amejikunja kwa kicheko, kiganja ukutani.

Fundi Miwani alishusha miwani ya paji, akaiweka juu ya ile ya machoni, akaitazama ile picha. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Nachukua hii nyeusi," alisema Mama Rangi. "Ile ya fedha ningeipenda mpaka kufa, lakini wakati naitoa mfukoni, mama wa watu angekuwa ameshamaliza kucheka na kwenda kupika."

"Ile ya fedha haipo hata hivyo. Alikuja mama mmoja juzi, akaichukua. Nilimuuliza kama anataka na filamu, akasema filamu ya nini."

Mama Rangi hakuhitaji kuuliza ni mama gani. Jumapili Bi Hukumu alitokea amevaa kamera shingoni juu ya gauni lake la hariri, na kweli, isingemkaa mtu mwingine yeyote vizuri namna ile.

Picha aliipeleka mwenyewe kwa wazee. Refa aliiweka kwenye mfuko wa koti, na tangu siku hiyo haendi mahali bila kumwonyesha mtu nywele zake. Mkewe alimfuata Mama Rangi mpaka getini, akamshika mkono.

"Mwanangu, nitolee na mimi yangu. Mimi sikujua kama nacheka hivi."

Mama Rangi alimtolea, na akapaka mlango wa Fundi Miwani rangi ya machungwa, kama alivyotaka mwenyewe.

Siku hizi akitoka matembezi na mumewe, hupenda kumpiga picha. Mwalimu wa udereva, akiona kamera tu, hujikaza, kidevu juu, macho mbele, kama anapigwa ya leseni. Mama Rangi hana haraka naye. Humsubiri. Humwacha asimame hivyo mpaka ashuke mabega, aanze kulalamika kuwa miguu inauma, ageuke kulitazama gari fulani lililoegeshwa vibaya na kulisema. Hapo ndipo kidole gumba husogea, na kamera ikalia, ti.

"Umeshapiga?" huuliza mumewe.

"Bado," humjibu, na kuirudisha mfukoni.