Siku Niliyomfuata Mama Mkwe kwa Gari la Mfaume

Aibu hii nimeikalia miezi mitano sasa, na kwa kuwa video imeshafika mpaka kwa shangazi yangu wa Lindi sioni tena faida ya kuificha, basi acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi (ingawa kusema kweli chumvi haihitaji).

Kazi yangu mnaijua. Nina gereji ndogo hapa mjini, mtaa wa Chuno, natengeneza breki na stelingi, na gari langu ni kile kigari chekundu cha Kijapani cha milango mitano, injini ndogo, gia za mkono, ambacho nimekishusha kidogo chini na kukivalisha matairi mazuri kuliko viatu vyangu. Rafiki yangu Mfaume, tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza, yeye ana lile jeusi la Kimarekani, milango miwili, silinda nane, boneti refu mpaka unajiuliza kama mbele huko kuna mtu mwingine anaendesha. Usukani uko kushoto, kama walivyozoea wenyewe huko Marekani.

Ubishi wetu wa jioni kwenye kahawa ulikuwa mmoja tu, lipi lina raha zaidi kuliendesha. Mfaume anasema raha ya gari ni nguvu, unakanyaga mafuta mgongo unanasa kwenye siti, tumbo linabaki nyuma, na mlio wake unausikia kifuani kabla haujafika masikioni. Mimi nasema raha ya gari ni kona, kwamba gari dogo unalivaa kama shati, unashusha gia, unaingia kona, linakufuata bila kubishana, na nguvu zake zote unazitumia hata ukiwa spidi ya kawaida, wakati lile lake unatumia robo tu na zilizobaki unazunguka nazo mjini kama unga usioupika. Tulibishana hivyo mwaka mzima, wenye kahawa wakatuchoka. Ila leo naungama kitu ambacho sikuwahi kumwambia: nilikuwa nalitamani gari lake.

Sasa kuna Somoe. Tumependana miaka miwili, posa nilishapeleka, na mama yake, mjane anayefundisha wanawake Kurani kule kijijini Mahurunga, alikuwa hajakubali wala hajakataa. Sababu niliijua. Dada yake Somoe aliolewa na mtu aliyekuja kuposa na gari lisilo lake, saa isiyo yake, na nasikia hata koti halikuwa lake, na walipokuja kugundua mtoto alishazaliwa na bwana ameshavuka mto kwenda Msumbiji. Tangu hapo yule mama akiletewa mchumba humchunguza kama mnunuzi wa korosho, yule ambaye haridhiki na za juu mpaka azamishe mkono chini ya gunia.

Siku moja Somoe akanipigia simu. Jumamosi binti wa mdogo wake mama anaolewa hapahapa Chuno, ndoa baada ya swala ya adhuhuri.

"Mama amesema wewe ndiye utakayemfuata," akaniambia.

"Amesema mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake. Anataka akuone. Issa, njoo na kigari chako. Kioshe tu, inatosha."

Nikamwambia sawa. Na nilikiosha kweli, mpaka ndani ya rimu. Lakini Ijumaa jioni nikamhadithia Mfaume, naye akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mkweo anakwenda harusini unampakia kwenye hicho cha kubebea mboga? Chukua langu, bwana. Ukifika uani kanyaga mafuta kidogo wasikie." Kucheka ningecheka tu, lakini nilichukua ufunguo.

Uongo sisemi, kipande cha lami cha kutokea mjini nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Ilikuwa asubuhi, barabara tupu, nikakanyaga, na gari likanyanyua pua likaondoka, mimi huyo nacheka peke yangu kama mwehu. Nikasema kumbe Mfaume alikuwa na haki. Lami ikaisha. Kwenye vumbi lile gari likageuka friji, boneti linaficha mashimo, stelingi imekuwa nzito, tumbo linakwaruza kila tuta, na njia ambayo kigari changu hukipeleka kwa gia ya pili na ya tatu huku napiga mluzi, siku ile niliipita nimekunja uso na mabega yananiuma. Kona zote ninazozipenda nilizikata kwa kuziomba radhi.

Mahurunga nikafika. Majirani wakatoka kutazama, na mimi nikakumbuka ushauri wa Mfaume, nikakanyaga. Ua wa yule mama ni mchanga mtupu. Matairi ya nyuma yakazunguka palepale, nyuma yangu ikaruka mvua ya mchanga, na mvua ile ikatua yote juu ya mkeka wa makopa, muhogo wa watu, uliomenywa na kukatwa kwa mikono na kuanikwa siku tatu. Mama akatoka mlangoni na kanga zake mpya. Akatazama mkeka. Akauinua upande mmoja, akaukung'uta, akaulaza tena. Nikachutama nikamwamkia kutoka mbali, akaitikia.

Hapa lazima niwakumbushe wale wasio wa kwetu kwamba mkwe hashikwi. Hata mkono humpi, unachutama, macho chini, mnaachiana nafasi. Kwenye kigari changu angekaa nyuma na jirani yake waliyepanga kwenda wote, mimi mbele, heshima yangu salama. Lakini la Mfaume nyuma ni rafu ya kuwekea mikoba. Yule jirani akachungulia ile siti, akajitazama mwili wake, akasema yeye atapanda bodaboda. Kwa hiyo mama akakaa mbele, bega kwa bega na mimi, siti iko chini kama kibao cha mbuzi, nami nimebana kiwiko mpaka mkono ukafa ganzi.

Tulipoanza kwenda akauliza, "Gari hili ni lako?"

"Ndiyo, mama."

Nilijibu haraka hata sikusikia nilichojibu. Yeye akatikisa kichwa polepole, akatazama mbele.

Sasa fikirini wenyewe. Usukani uko kushoto, kwa hiyo yeye amekaa kulia, pale ambapo nchi nzima imezoea kumwona dereva. Vioo vyangu upande wangu vina giza, upande wake ameshusha apate hewa. Kila kijiji tunachopita watu wanaona gari jeusi linanguruma, na kwa dereva ni mama mtu mzima, ushungi umefungwa vizuri, mikono ameiweka mapajani. "Bi mkubwa anaendesha!" mtu akapiga kelele. "Tena hajashika kitu!" akajibu mwingine. Yeye anayasikia yote.

Mbele tukakuta lori la magunia linatembea kama linakwenda mazishini. Kwa kigari changu ningetoa pua nje kidogo, nione, nishushe gia, nipite. Siku hiyo upande wangu ninaona majani tu na ubavu wa lori. Nikasubiri, vumbi likatujaa, saa zinakwenda, na ndoa ni adhuhuri, mwisho nikakohoa nikasema, "Samahani mama, hebu tazama huko mbele kama kuna kitu kinakuja."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Dereva nani, baba? Mimi au wewe?"

Tukabaki nyuma ya lori.

Karibu na mjini trafiki akatusimamisha, na kwa mazoea yake akaenda moja kwa moja dirisha la kulia, akapiga saluti. "Shikamoo mama. Naomba leseni."

"Marahaba. Sina usukani, mwanangu," akasema, huku anamkabidhi kitambulisho chake cha kura, nadhani kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho.

Afande akainama, akaniona mimi kule ng'ambo nimejikunyata, akacheka mpaka akashika paa la gari. Akamrudishia kitambulisho, akazunguka, nikampa leseni pamoja na kadi ya gari. Akasoma kadi, akasoma leseni, akarudia kadi.

"Mmiliki ni Mfaume. Wewe ni Issa. Gari la nani hili?"

Jamani, pale ningeweza kusema ni la ndugu yangu, ni la kampuni, ningeweza kusema lolote. Lakini yule ni askari, amevaa nguo za serikali, na upande wangu wa kulia kuna mtu anasubiri jibu lilelile.

"La rafiki yangu, afande. Nimeazima."

Akaturuhusu. Mama hakugeuka. Kutoka pale mpaka Chuno tulisikia injini tu, na ile sauti niliyoitamani mwaka mzima nilitaka mtu aizime. Nilikuwa najua kitu kimoja, kwamba mkono wake umeshafika chini ya gunia na umekuta nilichoficha, na Somoe hata hajui bado.

Nilidhani yamekwisha. Nyumba ya harusi walikuwa wanamsubiri bwana harusi, na matarumbeta yako tayari kona ya mtaa. Waliposikia ule mngurumo wakajua ndiye. Tukazingirwa, tarumbeta zinalia mpaka kwenye vioo, ngoma inapigwa juu ya boneti (boneti la Mfaume!), vigelegele, simu zimenyanyuliwa juu, wanacheza kulia na kushoto, na mlango wanaoufungua kumtoa bwana harusi ni ule wa kulia. Wakamkuta bi mkubwa.

Ngoma haikunyamaza. Wenyewe wanasema waliona haya kukatisha. Mama akajaribu kunyanyuka, ile siti ikamrudisha. Akajaribu tena, ikamrudisha. Mimi nilishazunguka nimefika mlangoni, na hapo ndipo video inaponionyesha vizuri, nanyoosha mkono, naukumbuka ukwe, naurudisha, naunyoosha, naurudisha, mara nne, tena bila kukusudia nafuata mdundo, kwa hiyo anayetazama anaona mwanamume anacheza mbele ya mama mkwe wake aliyenasa. Walikuja wanawake watatu wakamvuta kwa "moja, mbili, tatu". Akatoka, kiatu kimoja kikabaki ndani. Nikakiokota nikakiweka chini karibu na mguu wake, nimegeuza uso pembeni. Akakivaa, akaingia ndani.

Somoe alikuwa amesimama barazani na beseni la wali. "Nilikuambia nini?" akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hilo ndilo liliniuma kuliko video yote.

Wiki ile mama aliporudi kwao akakuta jina jipya linamsubiri. Wanafunzi wake wa Kurani, wanawake wazima, walikuwa wanamwita Bi Dereva akigeuka tu. Mimi nilimrudishia Mfaume ufunguo pamoja na boneti lenye mabonde mawili, ambayo niliyanyoosha mwenyewe bila kubishana.

Ijumaa iliyofuata nikachukua kigari changu chekundu nikaenda kuomba radhi. Njia ileile, mashimo yaleyale, na Mungu ni shahidi sijawahi kuendesha vizuri namna ile, gia ya pili, ya tatu, nashusha, naingia kona kati ya mikorosho, kigari kinageuka kabla sijamaliza kuwaza. Ubishi wa kahawa niliuona umekwisha. Nikafika, nikazima mbali na mkeka, nikachutama, nikamweleza yote: kwamba nilidanganya, kwamba Somoe alinikataza, kwamba hiki ndicho changu na kadi ina jina langu, aisome. Nikampa na kadi, nikaiweka chini alipoweza kuifikia.

Hakuiokota. Akasema, "Gari la kwanza nimeliona. Na hili nimeliona. Wewe sijakuona bado." Akaenda zake jikoni.

Tangu hapo kila Ijumaa nakiacha kigari kwa fundi mmoja nje ya kijiji, natembea kwa miguu nusu saa kwenye mchanga, nafika nimeroa jasho, nachutama, naamkia, nasaidia kinachosaidiwa, narudi. Mfaume anacheka, ananiambia sasa nimepata gari dogo kuliko yote. Na acheke. Kwenda ukweni kwa kitu cha mtu sitarudia hata kama ni baiskeli, na nikiulizwa kitu ni cha nani nitakuwa nimejibu kabla swali halijaisha.

Somoe haniambii mama anasemaje, nadhani hajui. Lakini Ijumaa iliyopita nilikuwa nageuza makopa juani, mama mwenyewe amekaa mlangoni anachambua mboga, mara akaniuliza, bila kuinua macho, "Mama yako ni wa ukoo gani?"

Kwetu hapa mama wa binti hakuulizi ukoo wa mama yako ila akiwa ameanza kuhesabu wajukuu. Kopa moja likaniponyoka mchangani. Nikaliokota, nikalipangusa, nikamjibu.