Rota Mfukoni

Miaka ishirini na tisa Polepole alikuwa dereva wa bosi mmoja, na jina hilo alilipata kwa haki. Bosi alipolalamika, "Hivi wewe, leo tutafika kweli?" yeye alijibu, "Tutafika wazima, Mzee." Na wakafika wazima kila siku, mpaka bosi alipofia kitandani mwake, kama watu. Wiki ya mwisho alisema mbele ya mwanawe: "Nikiondoka, gari hili ni la Polepole. Nani mwingine analijua?"

Lakini maneno ya marehemu hayana muhuri, jamani. Mwana alilifungia gari bandani mwaka na nusu, na kila Polepole alipouliza, akaambiwa mirathi bado. Ndipo asubuhi moja akaitwa.

"Mzee wangu, nataka banda langu," alisema mwana huyo, Bosi Mdogo. "Saa kumi linakuja lori la vyuma chakavu. Ukiliwasha gari kabla ya hapo, lichukue uende nalo. Likigoma, usije ukanililia."

Polepole alikwenda na betri ya kuazima, galoni ya petroli, na rota aliyoifunga kwenye kitambaa. Rota ni kijidude cha plastiki, hakizidi kidole gumba, kinakaa chini ya kifuniko cha distributa na kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho, hata uje na funguo mia, gari haliwaki. Marehemu aliogopa wezi, kwa hiyo kila jioni Polepole aliichomoa rota akaenda nayo nyumbani. Tangu jioni ile ya mwisho ilikuwa bado imo kwenye droo yake.

Akairudisha mahali pake, akaanza kazi. Betri ya zamani ilikuwa imekufa fofofo, vichwa vya nyaya vimeota ukungu mweupe. Akavikwangua kwa kisu, akafunga betri ya kuazima. Stata ikazungusha, injini ikakataa katakata. Akanusa tangi: petroli imechacha, inanuka kama rangi. Akaimwaga yote, akatia mpya. Wapi! Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Akachomoa plagi, akazisugua kwa msasa moja moja, huku akilisema lile gari kama mke mkaidi: "Unanitia aibu leo? Mimi? Baada ya yote niliyokufanyia?"

Saa tisa kasorobo likakohoa. Likakohoa tena, likatoa moshi wa buluu, kisha likatulia na kunguruma kwa sauti ileile ya zamani. Mtu mzima akalia, wala hakujificha.

Bosi Mdogo akatoka na simu mkononi. Akalizunguka gari, akalipiga picha mbele na nyuma.

"Kumbe zima hivi! Mzee wangu, hebu lizime kwanza. Gari za zamani zinazotembea watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Niachie funguo, tutaongea."

"Lakini ulisema nikiliwasha..."

"Nilisema nikidhani limekufa. Kanawe mikono, umechoka."

Loo! Kuna watu wana uso mkavu, hata jua linawaonea haya. Polepole alizima gari, akaweka funguo juu ya kiti, akaenda kufunga boneti. Lakini kabla ya kuifunga aliinua kifuniko cha distributa, akachomoa rota. Asikudanganye mtu kwamba ni mazoea ya mkono. Alijua anachofanya, na kilimpa raha.

Nyumbani aliiweka mezani mbele ya mkewe, akamsimulia yote. Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mpigie simu, baba watoto. Mwambie rota unayo, mzungumze."

"Aje yeye. Ataona halitoki pale, ataniita tu. Nataka aje mwenyewe, aombe."

Akangoja siku ya kwanza, simu imekaa kifuani. Akangoja ya pili. Hakujua kwamba Bosi Mdogo alileta fundi wa mtaani, fundi akahangaika nusu saa bila hata kuinua kifuniko cha distributa, akasema injini imekwisha. Wala asingeitwa yeye. Mtu uliyemdhulumu hutaki kumwona tena usoni.

Siku ya tatu alisimama kando ya barabara akingoja kuvuka, lori la vyuma chakavu likapita. Juu yake kulikuwa na gari lake, paa limebondwa mpaka kwenye viti, milango imeng'olewa. Rota alikuwa nayo mfukoni. Akainua mkono kama anayesimamisha lori, kisha akaushusha.

Aliporudi, mkewe akamuuliza, "Vipi, amepiga?"

"Hajapiga, wala hatapiga," akasema, akiketi. "Gari limekwenda kwenye vyuma chakavu, mama. Nimelipeleka mimi."