Mgunga Niliounywesha Kiangazi Kizima

Sisi tunaojitolea kutunza msitu wa kijiji chetu huku Tarime tulipewa kila mtu mche mmoja wa mgunga. Kiangazi kizima niliubebea wangu maji, miwani nikiiacha nyumbani kwa ubishi wangu tu. Mvua ziliponyesha ukatoa maua meupe, nikawaita wenzangu wote waje kujifunza kwangu.

"Shikamoo mzee," alisema Boke, kiongozi wetu. "Mbona mgunga huu hauna miiba?"

"Marahaba. Itaota, mwanangu."

Aliinama kuutazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hili si gugukaroti? Sumu ya ng'ombe unayotuhimiza tuing'oe kila Jumamosi!"

"Sasa mgunga wangu uko wapi?"

Wote wakakitazama kijiti kikavu nilichotundikia kofia.