Kizuizi Nilichompelekea Padre

Nikiwa mtoto pale Bondeni, mtaa wa Nakuru, niliogopa harusi kuliko matanga. Si harusi zote. Za vijana nilizipenda, na keki nililamba hadi vidole kama watoto wenzangu. Niliyoiogopa ni harusi ya wazee, ile ya watu waliokwisha kuzaa, wakalea, wakapata wajukuu, ndipo siku moja wakaenda kwa padre kubariki ndoa yao. Harusi ya namna hiyo, tuliambiwa, haipiti bure.

Aliyetuambia ni jirani yetu Mama Akoth, aliyeuza omena na sukuma wiki mlangoni pake. Usimfikirie kuwa mganga. Alikuwa mama wa jumuiya, rozari shingoni, wa kwanza kufika kwenye ibada na wa mwisho kuondoka. Lakini imani yake ilikuwa na chumba cha nyuma, na humo aliweka mambo ambayo padre hakuyahubiri. Wazee wakivishana pete, alisema, mmoja wao hamalizi mwaka. Akatutajia Mzee Barasa wa safu ya nyuma, aliyefunga ndoa akiwa na mvi hadi kwenye nyusi, akafa kabla picha za harusi hazijatoka studio.

Zilipotoka, watoto wake walichagua ile nzuri, wakamkata bibi harusi kwa makasi, wakamwacha mzee peke yake ndani ya suti, na picha hiyo ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza. Niliiona kwa macho yangu. Makasi hayakupita vizuri, na ukingoni palibaki kipande cha shela. Nilikuwa nikifumba macho nakiona.

Mama Akoth alijua hata sababu yake. Kabla ya ndoa, majina husomwa kanisani Jumapili tatu, ili mtu anayejua kizuizi chochote aseme. Sasa, alisema, mnadhani wanaosikiliza ni watu peke yao? Kifo nacho huja misa. Hukaa kule nyuma karibu na mlango, na mzee aliyeishi miaka mingi kimya kimya hutajwa mbele yake mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa jina na kwa ukoo. Baada ya hapo kinajua pa kubisha.

Basi ndio uelewe nilivyoganda siku babu yangu aliposema, tukiwa tunakula, kwamba yeye na nyanya yangu watafunga ndoa kanisani.

Sisi ni Wabukusu, na babu tulimwita Kuka, nyanya tukamwita Kukhu. Kuka alikuwa amestaafu kazi ya reli. Baba na Mama walikaa nyumba ya pili yake, lakini mimi nililala kwa Kukhu tangu nilipoachishwa ziwa, na kwangu nyumba hiyo ndiyo ilikuwa nyumbani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamepelekwa zamani, kule Bungoma, na hakuna aliyewahi kuuliza kama hao wawili ni mume na mke. Isipokuwa kanisa. Ilipofika wakati wa komunyo, Kuka na Kukhu walibaki wameketi, na karibu yao Baba na Mama, ambao nao hawakuwa wamefunga ndoa. Benchi nzima ya watu wetu. Wengine wakisimama kwenda kupokea, wao walisogeza magoti pembeni ili wapite.

Kukhu aliposikia habari ya harusi aliweka mwiko chini.

"Wanjala," alisema, "tumekaa miaka hii yote na kifo hakijatuuliza kitu. Sasa mbona twende tujitaje?"

Kuka aliusukuma ugali wake pembeni, haujafika nusu, akasema ameshiba.

Nilifurahi kwamba Kukhu amekataa, kwa maana Kukhu akisema hapana, hata mvua ilingoja. Lakini wiki chache baadaye niliamka nikamkuta jikoni amechutama mbele ya jiko, machozi yakimtoka. Akaniambia ni moshi. Makaa yalikuwa yamekwisha kushika, moshi haukuwapo. Jioni hiyo hiyo akamwambia Kuka sawa, wakaandikishe. Sikuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba ngome yangu imeanguka.

Jumapili ya kwanza padre aliposoma majina yao, Yohana Wanjala na Anastasia Nasimiyu, watu walipiga makofi. Mimi niligeuka kutazama mlangoni. Palikuwa na mtu mrefu amesimama pale, koti jeusi, simjui. Leo nadhani alikuwa amechelewa misa tu. Siku hiyo nilimng'ang'ania Kukhu mkono hadi akauliza kama nataka kutapika.

Wiki iliyofuata nikaanza kuona dalili kila mahali. Kuka alikuwa amepeleka suti yake ya zamani kwa fundi ipunguzwe. Ikarudi, akaijaribu, bado ilikuwa inamwangukia mabegani, ikabidi irudishwe tena. Usiku nilimsikia akikohoa upande wa pili wa pazia, kisha akinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikoniumiza, kwa sababu nilikuwa nasubiri kikohozi kinachofuata ili nijue yupo.

Jumapili ya pili majina yakasomwa tena. Padre akaongeza, kama kawaida, kwamba mwenye kujua kizuizi ana wajibu mbele ya Mungu kukisema. Nililipokea neno hilo kana kwamba limeandikwa kwa ajili yangu. Mimi nilikijua kizuizi. Kama nisingesema, na Kuka akafa, Mungu angeniuliza mimi.

Baada ya misa padre alikuwa nje akisalimia watu. Alikuwa kijana bado, mtu wa Keringet, kule kwenye mashamba ya viazi, mwenye kuongea taratibu kama mwenye kuchagua viazi. Nilisubiri kina mama wamalizane naye.

"Fatha, nimekuja kusema kizuizi," nikamwambia.

Akainama. "Cha ndoa gani?"

"Ya Kuka na Kukhu. Wakifunga, Kuka atakufa."

Nilitegemea acheke, au aulize nani amenidanganya. Hakufanya hata moja. Alinitazama mpaka nikatamani kukimbia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa akiwa na kitu mkononi. Halafu akasema, "Hicho si kizuizi kanisani, Nafula. Lakini nimekisikia." Akaniwekea mkono kichwani, na mkono ulikuwa mzito.

Katikati ya wiki akaja nyumbani. Akanywa chai, akasifu mandazi ya Kukhu, kisha yeye na Kuka wakatoka nje wakasimama karibu na mfereji. Niliwachungulia dirishani. Padre aliongea kidogo, Kuka akatikisa kichwa, padre akaongea tena, Kuka akatikisa tena. Nikajiambia nimeshinda. Padre anamkataza.

Jumamosi Kuka alikuwa ananyoa ndevu uani, akaniita nimshikie kioo. Alijipaka sabuni shavu moja, kisha la pili, ndipo akasema, "Kumbe ulienda kunishtaki."

Nikaangalia chini.

"Inua kioo. Nani alikwambia nitakufa?"

"Mama Akoth."

"Mama Akoth auze omena." Akanyoa kidogo, akapangusa wembe. "Sikiza, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Miaka yote hii mimi na nyanyako tunasogeza magoti watu wapite. Nimechoka kusogeza magoti. Nataka siku moja nisimame na yeye, twende mbele, turudi. Ni hiyo tu."

"Lakini utakufa?"

Wembe ulisimama shavuni. Ndani ya kioo macho yake yalikuwa yananiangalia mimi, si ndevu.

"Shika kioo vizuri," akasema, "utafanya nijikate."

Sijawahi kusahau kwamba hakusema hapana.

Jumapili ya tatu nilijua padre hatayasoma. Aliyasoma. Kwa sauti ile ile ya taratibu, kila jina zima zima, na nikamchukia palepale kwenye benchi, nikamchukia pamoja na kanisa lake na kengele zake. Sikuthubutu kugeuka kutazama mlangoni.

Harusi yenyewe watu huikumbuka kama siku ya furaha, na nadhani ilikuwa. Mama Akoth, pamoja na unabii wake wote, ndiye aliyepiga vigelegele vikali kuliko wote na ndiye aliyepika pilau. Mimi nakumbuka pete. Kukhu alipomvisha Kuka, ilizunguka kidoleni na kuteremka hadi kwenye fundo la kidole, ikataka kuanguka. Kukhu hakushangaa. Alikuwa amekuja na uzi mweupe mkobani, akauzungusha ndani ya pete mbele ya altare, taratibu, wakati kanisa zima likisubiri, akamvisha tena. Ikakaa. Mtu anayebeba uzi kwenye harusi yake mwenyewe anajua tayari vidole vya mumewe vimekuwaje. Hilo nimelifikiria nikiwa mtu mzima. Siku hiyo nilisikia tu baridi ikinipanda mgongoni.

Kisha ukafika wakati wa komunyo, nao wakasimama. Baba na Mama ndio waliosogeza magoti. Kuka alipita mbele yao akiwa amemshika Kukhu mkono, wakaenda mbele, wakarudi. Alipoketi alikuwa anahema, na alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyepewa sare mpya.

Nje, mpiga picha akawapanga mbele ya mlango wa kanisa. Wawili tu, akasema. Nilipoona wamesimama vile, bega kwa bega, nafasi kidogo katikati, niliyaona yale makasi. Nilikimbia nikajisukuma kati yao, nikashika mkono wa huyu na wa yule. Mpiga picha akaniambia nitoke. Mama akaniita. Nikakataa, nikalia, nikasema sitoki, na Kuka akasema mwacheni. Ndivyo ilivyopigwa hiyo picha, wazee wawili na mtoto mwenye makamasi katikati. Nilijua hakuna makasi yatakayoweza kupita hapo bila kunikata mimi.

Kuka alifariki kabla ya Krismasi.

Sitaieleza siku hiyo. Nitaeleza tu kwamba alipokuwa hospitalini padre alikuja na mafuta matakatifu, na misa ya kumuaga ikasomwa na padre huyo huyo, altareni, jeneza likiwa mbele kama la Mkristo yeyote, kabla hatujalisafirisha Bungoma. Ilipotafutwa picha ya kuweka juu, hakukuwa na nyingine iliyomwonyesha vizuri. Mjomba wangu akaleta makasi.

"Weka hayo chini," Kukhu akamwambia. "Hiyo haikatwi."

Kwa hiyo nilikaa juu ya jeneza la babu yangu kutoka Nakuru hadi Bungoma, ndani ya fremu, nikiwa nimeshika mikono ya watu wawili. Wakati jeneza likiingizwa kwenye gari nilimsikia Mama Akoth akimnong'oneza mwenzake kwamba picha ya mtu aliye hai haiwekwi juu ya maiti, itamvuta. Mwaka mzima uliofuata nililala nikiwa nimejifunika kichwa, nikisikiliza mlango. Kila homa niliyopata niliiaga dunia. Sikumwambia mtu, kwa sababu mara ya mwisho niliposema, kusema hakukusaidia.

Mwaka ukaisha, nikawa hai. Ukaisha wa pili. Kukhu aliitundika picha hiyo juu ya redio, akaishi nayo hadi alipokuwa bibi wa fimbo mbili, na kila Jumapili alisimama peke yake kwenda kupokea.

Mama ndiye aliyenieleza, nilipomaliza shule. Kuka alikuwa ameambiwa na daktari kabla hajatamka neno harusi. Ndiyo maana suti ilipunguzwa mara mbili. Ndiyo maana Kukhu alilia mbele ya jiko lisilo na moshi, na padre akaniwekea mkono kichwani nilipompelekea siri aliyokwisha kuisikia kwa Kuka mwenyewe. Mama Akoth hakukosea alichokiona: wazee waliovishana pete walikufa kweli. Ila walikwenda kwa padre kwa sababu walikuwa wameshapewa habari, na hawakutaka kuondoka wakiwa wamesogeza magoti.

Nilidhani kulijua hilo kumeimaliza hofu yangu.

Wiki iliyopita Mama alinipigia simu. Tukaongea habari za mvua, tukaongea watoto wangu, kisha akasema, kama mtu anayetaja kitu alichokuwa karibu kukisahau, kwamba yeye na Baba wameamua kubariki ndoa. Nikaketi kitandani.

"Baba anaumwa nini?" nikauliza.

Kwenye simu nilisikia redio ya Kukhu, ambayo bado wanaitumia, ikisoma matangazo ya vifo.

"Nani amekwambia?" Mama akasema.

Hakuna aliyeniambia. Nilishika kioo tu, zamani, na mkono haujasahau uzito wake. Naogopa kama nilivyoogopa nikiwa na miaka kumi, baridi ile ile mgongoni. Jumapili hii majina yao yatasomwa mara ya kwanza, nami nitakuwa kwenye benchi letu, mimi na wanangu. Padre wa sasa atasema mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Sitageuka kutazama mlangoni. Nitamshika Baba mkono, nitapapasa kidole chake nijue kama pete itahitaji uzi, na nitanyamaza.