Mke wa Kuazima

Hadi leo, nikisikia harufu ya pasi ya makaa ikigusa nguo yenye wanga wa muhogo, naacha ninachofanya nikatoka nje. Wajukuu wangu hudhani ni uzee. Waache wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia, maana nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, hapa hapa Lubumbashi, siku zile wazungu walipoiita Élisabethville. Tulikaa Kamalondo, mtaa wa watu weusi. Papa, yaani baba yangu, alikuwa karani, naye alikuwa anaomba ile karte, kadi waliyopewa weusi walioitwa wastaarabu. Mwenye karte aliweza kutembea mjini jioni bila kufukuzwa na polisi, na mdogo wangu Polo angeweza kuombewa nafasi katika shule ya wazungu. Polo, si mimi. Mimi msichana nilingoja kufundishwa kushona, na hakuna aliyeona ajabu, hata mimi mwenyewe.

Karte yenyewe haikutolewa hivi hivi. Kwanza wazungu walikuja kukagua nyumba: mnalalia shuka? Mnakula mezani? Choo kisafi? Mke anajua kukaribisha wageni? Basi barabara yetu nzima ilikuwa na uma sita. Sita tu, jamani! Zilihama nyumba hadi nyumba kufuata ukaguzi, pamoja na kitambaa cha meza chenye jogoo aliyetariziwa pembeni. Jogoo yule alikaguliwa kuliko mtu yeyote Kamalondo.

Mama yangu alitoka Mitwaba, mbali na mji. Alikuwa na chale mashavuni, Kifaransa hakujua, na bukari, ugali wetu, alikula kwa mkono, amekaa kwenye mkeka, jikoni uani. Siku ya ukaguzi aliamka alfajiri akapiga pasi kila kitu, hata mapazia. Papa alikuwa amemnunulia viatu vya kisigino, vikambana mpaka machozi yakamlenga. "Kaa nabyo tu, Mama Filomena," Papa alimsihi, akijua mateso yake, kisha akaenda kusimama barazani kungojea wageni kwa mlango wa mbele.

Mama wa kizungu aliyetumwa kutukagua akapitia nyuma. Sijui nani alimfundisha kwamba ukweli wa nyumba uko uani. Akamkuta Mama amevua viatu, kitenge kiunoni, pasi mkononi, jasho linamtoka. Mimi nilisimama kando na soksi zangu nyeupe za shule ya masista. Akaniuliza kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, kama huyu alikuwa boyesi wetu, yaani mtumishi wa kike.

Nilimtazama Mama. Niliona miguu yake yenye vumbi na visigino vilivyopasuka. Nikaona haya. Nikajibu, "Ndiyo, madame." Tena nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mama yangu ameenda kanisani.

Uso wa yule mama wa kizungu ukachangamka. Weusi wenye mtumishi! Akaandika kwenye daftari lake. Papa alikuwa amefika mlangoni, amesikia yote. Nilingoja anizabe kofi, na laiti angenizaba. Alimfungulia mgeni mlango tu. Mgeni akasema atarudi Alhamisi amsalimie mke wa nyumba, na Papa akamwambia karibu sana.

Mnaona tulikofika? Tulishaazima uma, tulishaazima jogoo. Sasa tukaazima mke. Jirani yetu Mama Roza, mjane wa mwalimu, aliongea Kifaransa cha puani. Alikuwa Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai, na wazungu walipenda kusema Wakasai wana akili kutuzidi sisi wa hapa, nasi kwa ujinga wetu tulirudia maneno hayo. Alhamisi Mama Roza aliketi mezani ubavuni mwa Papa, amevaa gauni la Mama na vile viatu. Vilimkaa vizuri. Mama akaleta kahawa. Aliinama kumpa mzungu kikombe, macho chini, kama boyesi wa kweli. Mimi nilikaa palepale nikala biskuti. Ilikuwa tamu, na utamu huo nao unanitia haya.

Karte ikatoka. Papa akanunua nyama, akatandika meza kwa mikono yake mwenyewe, akaita, "Mama Filomena, kuya tukule pamoja."

Mama akaleta sahani, akazipanga, akageuka. "Boyesi hakulaka na bapatron," akasema, bila kupaza sauti, yaani mtumishi hali pamoja na mabwana zake. Akarudi kwenye mkeka wake. Mpaka Papa anafariki, hakuketi kwenye ile meza hata siku moja.

Miaka mingi niliwalaumu wazungu waliopima utu wa mtu kwa uma, na nilikuwa na haki. Nilimlaumu Papa kwa kunyamaza, na hapo pia nilikuwa na haki. Niliyasema mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Hasira ile ilinifaa sana, maana nilipokuwa nayo sikulazimika kumkabili Mama.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyemuosha. Siku moja, nikiwa nimepiga magoti na beseni mbele yangu, nikaanza kumwomba msamaha kwa lile neno. Akanikatiza.

"Kifaransa yako sikusikia, mwana wangu. Lakini mbele ya kujibu, uliangalia kwanza miguu yangu. Ni pale nilijua."

Miguu yenyewe nilikuwa nimeishika mikononi, imelowa maji. Nikaendelea kuiosha. Wazungu walitunga sheria zao, Papa alinyamaza, Mama Roza alivaa viatu. Lakini yule mama wa kizungu aliuliza tu. Aliyejibu ni mimi.